Kamera Nyepesi Mkononi mwa Ooko

Ooko alipiga picha za harusi Kisumu kwa miaka mingi, mpaka maumivu ya viungo yalipomfanya ashindwe kuinua kamera yake nzito ya chuma. Asubuhi moja, katika tuktuk kutoka Otonglo, abiria mwenzake, dada aliyeitwa Mwihaki, alikuwa akipangusa kamera mpya.

"Hizi za siku hizi ni plastiki tu," Ooko akamwambia.

"Mzee, hebu shika kwanza. Juzi ilinyeshewa kwa mazishi Kombewa na haikuzima."

Ooko akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi, lakini hakuna kilicholegea. Kishikio kilijaa kiganjani, na kigurudumu cha juu kiligeuka kwa mlio mdogo wa uhakika. Akaiinua hadi jichoni. Mkono haukumuuma.

"Aliyeunda hii anajua mkono wa mtu," akakiri. "Lakini ikiharibika, nani ataifungua? Yangu nilikuwa natengeneza mwenyewe."

"Mimi yangu bado haijaharibika, Mzee."

Tuktuk ikasimama Kaloleni. Mwihaki akashuka, akanyoosha mkono apewe kamera yake.

"Ngoja, Mama. Simama hapo kwa mwanga," Ooko akasema, akampiga picha kwa kamera hiyo, picha ya kwanza kwake tangu aache kazi miaka miwili iliyopita.