Svala Arudi kwa Tarald kwa Njia ya Maji

Sverre, vuta kiti ukae upande huu alipo dada yako. Na wewe Ingvild, acha kutazama dirishani, maana nitakalosema leo sitalirudia. Pumzi niliyobaki nayo naigawa kama kahawa ya mwisho kwenye birika wakati wageni bado wapo. Daktari aliwanong'oneza pale ukumbini akidhani ajuza hasikii. Nilisikia. Basi nisikilizeni na ninyi, wanangu, na asinikatize mtu.

Nyumba hii na shamba la matufaha ni vya Ingvild, kwa sababu ndiye wa kwanza kuzaliwa, na ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu yenu. Banda la boti pale ufukweni ni la Sverre, pamoja na nyavu na kila kilichomo. Jirani yetu Jorunn mrudishieni chuma chake cha kuchomea lefse, ile mikate myembamba; nilikiazima Krismasi ya juzijuzi, na kila akija kunywa kahawa hukitupia jicho, hasemi, nami sisemi. Hayo ni madogo. Lililo kubwa ni Svala, boti ya baba yenu, ambayo sijampa hata mmoja wenu.

Ninyi mmekulia kwenye ghuba hii, mnajua kwamba boti ya mbao haipelekwi penye joto. Majira ya baridi hulala kwenye banda lenye sakafu ya udongo, upepo ukipita kwenye nyufa, nayo hubaki na unyevu wake hadi masika. Mwaka jana Sverre akaiingiza Svala kwenye karakana yake mpya, ile yenye sakafu inayopashwa moto, mbao zikakauka zikaachana hata ungepitisha kidole kati yake. Kisha masika, kwa kuona mianya ile, akaijaza gundi ngumu. Boti iliporudi majini, mbao zikanywa, zikataka kutanuka, zikakuta nafasi imeshazibwa. Mataruma, zile mbavu za boti, yakapasuka moja baada ya jingine. Sote tulisimama gatini tukisikia mlio ule. Ndipo wewe Ingvild ukamwambia mdogo wako mbele ya watu, "Umemuua baba mara ya pili." Tangu siku hiyo mnapitishiana chumvi mezani kupitia kwangu. Nikishaondoka, chumvi mtapitishiana kupitia kwa nani?

Wewe Ingvild unadhani alifanya kwa majivuno, ili watu waione karakana yake. Sivyo, mwanangu. Tulimzika baba yako Anders mwezi wa Novemba, ardhi ikiwa ngumu kama sahani, na siku tatu baadaye theluji ikaanguka. Nilimpelekea Sverre supu pale karakanani, nikamkuta ameifunika Svala blanketi la sufu, lile la baba yako, amekaa kando yake analia. Nikamuuliza, "Wewe, una nini?" Akanijibu, "Mama, yeye yuko huko nje kwenye baridi, angalau hii ikae penye joto." Mimi nami sikuwa na akili ya mbao siku ile, nilikuwa mjane wa wiki moja. Usifute macho, Sverre, acha dada yako ayaone. Ingvild, mtu aliyekosa kwa kupenda mno hahukumiwi kama aliyekosa kwa kudharau.

Nawe Sverre usijione umeokoka, maana zamu yako imefika. Ulitaka kuichoma Svala kwenye moto wa Sankthans, ile sikukuu ya katikati ya kiangazi, pamoja na maboya mabovu na viti vilivyooza, watoto wakichoma soseji kwa makaa yake, ili usiione tena. Ilibidi nimwambie yule aliyepanga kuni kwamba akiigusa basi anipange na mimi juu yake, nami nina mafuta ya kutosha kuwaka hadi asubuhi. Na yote hayo ni kwa kumkimbia Tarald. Ndiyo, Tarald aliyeiunda alikusema vibaya kanisani, wakati wa kahawa, mdomo umejaa keki: "Boti zangu huoza, huzama, hugonga mwamba, lakini kuokwa kama mkate, hii ni ya kwanza." Watu wakacheka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Tarald amejikwaa ulimi maisha yake yote. Lakini kalibu za Svala, yale maumbo ya kupindia mbao zake, zinaning'inia ukutani kwake tangu alipoziondoa kwenye mbao mbichi, na hakuna mwingine anayejua lile tumbo lilipindwa vipi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Amemtuma Jorunn aniambie. Maneno yake ni haya: "Waniletee, niishughulikie majira yote ya baridi. Ila waje kwa maji. Nikiiona juu ya lori nitafunga mlango." Ana haki. Lori litaitikisa hadi mkuku, ule uti wake wa chini, uachane na mbao. Ukifika kwake, Sverre, mpe mkono umwambie asante kwa siku ile mliyoonana mwisho, kama asemavyo kwetu mtu yeyote akutanaye tena na mwenzake. Najua mara ya mwisho alikutukana. Sema hivyo hivyo, umtazame machoni; atatafuta pa kuweka mikono yake asipaone.

Sasa huu ndio wosia wangu, na mwingine sina. Injini ikiunguruma, Svala atavuja zaidi kuliko anavyovuja gatini, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kumvusha. Sverre atashika usukani. Ingvild atafua maji, kuyachota na kuyamwaga nje. Ndiyo, wewe, uliyesema hata mdogo wako akizama hutamtupia kamba, shika ndoo. Ukiiacha mtazama wote wawili, na mimi sina nguvu ya kuzika watoto. Svala akishatengenezwa atakuwa wenu wote, asikatwe, asiuzwe, wala mmoja asimnunue mwenzake.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Mtaenda leo. Si baada ya mazishi. Ghuba ya Tarald inaanza kuganda kingoni, na leo maji yametulia. Usitikise kichwa, Ingvild. Mnataka kukaa hapa kunishika mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, na mimi katikati kama ukuta? Sitaki. Nimekuwa ukuta mwaka mzima... nimechoka. Jorunn atakaa nami. Anapenda kukaa penye kahawa.

Sogezeni vichwa. Mungu awape... awape subira ya ninyi kwa ninyi, ile ya kwenda na ile ya kungoja. Awafikishe ng'ambo mkiwa wawili. Nimewapenda sawasawa, na kama mlidhani sivyo, mlikosea.

Vaeni sweta nene. Lifungeni dirisha... hapana, acheni, nataka hewa. Ule mlio wa injini ya Svala naufahamu hata usingizini. Nitausikiliza mpaka mpite ule mwamba wa mdomoni mwa ghuba yetu. Ukinyamaza katikati ya maji nitajua mmeanza kugombana.

Basi mlio huo usinyamaze. Nendeni.