Mstari Mmoja wa Kunde

Basi lilikuwa na viti vitupu tele, lakini mama mkulima alikuja kuketi kando ya mtafiti aliyepakata mfuko wa mizizi ya kunde, kiti cha mbele yangu. “Mwanangu, shamba lote lilikauka, ukabaki mstari mmoja. Niliwaita mje kuutazama, mkaung’oa.”

“Mama, siri ya kustahimili ukame iko mizizini, na mizizi haionekani bila kuchimba. Ona huu ulivyofuata maji chini.” Mama akaulaza juu ya mkono wake, ukafika begani. “Mlichimba lini?” “Kunde zilipotoa maua. Ndivyo tunavyofanya.” “Kwa hiyo hamkungoja hata mbegu moja.”

Basi likasimama, mama akashuka. Mtafiti akabaki akiupangusa mzizi udongo, taratibu, kama aoshaye maiti.