Jolly Mugeni, Fundi Cherehani Aliyekataa Sare za Walinzi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mugenzi, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ambayo ningependa mtu mwingine aifanye.

Dada yetu Jolly Mugeni alizaliwa tarehe 9 Mei 1964 kambini Nakivale, Uganda, akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi wetu, wakimbizi kutoka Rwanda, akasoma shule ya msingi hapo hapo, na kati ya mwaka 1982 na 1984 akajifunza ushonaji Mbarara. Alipokwenda Mbale kutafuta kazi alikutana na watu wa Kanisa la Marafiki, akabadilisha mipango yake yote ya maisha kwa sababu ya jambo moja walilomfundisha, kwamba ndani ya kila mtu, awe mwizi au waziri, mna nuru ya Mungu. Hakuliacha jambo hilo kanisani kama sisi tunavyofanya, alikwenda nalo hadi kwenye cherehani.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na Eddie Mutsinzi, wakajaliwa watoto wawili, Kaliza na Keith, wakarudi Rwanda mwaka 1995, na shemeji yetu akatutoka mwaka 2013.

Mwaka 2008 alifungua karakana ya ushonaji mtaani kwetu Rwezamenyo pamoja na wanawake saba, Wakristo na Waislamu, na hapakuwa na bosi, kwa kuwa bosi wa nini mahali ambapo kila mtu anayo nuru. Kila jambo waliliamua kwa desturi ya Marafiki, bila kupiga kura, wakikaa kimya wakimngojea Mungu mpaka wote wawe na moyo mmoja, na akibaki hata mtu mmoja asiyeridhika, jambo linasimama. Nilikuwa nikimtania kwamba Mungu wake ana subira kuliko wateja wake, naye alicheka.

Mwaka 2021, kazi ikiwa imekauka, kampuni moja ya ulinzi iliwaletea oda kubwa ya sare za walinzi wanaobeba bunduki. Walikaa kimya, kisha dada akasema kwamba yeye hawezi kumvalisha mtu anayetumwa kumpiga risasi mwenye nuru ya Mungu, na wenzake wakaitikia kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine. Oda ikaenda kwingine, karakana ikafungwa mwaka uliofuata, Daphrose, mmoja wa wale saba, akarudi kijijini Gahanga kulima mashamba ya watu, mwenzake Shakira akaanza kukaanga sambusa kando ya barabara, na dada aliumia sana, ila alijipa moyo kwamba waliamua wote.

Mwaka 2023 madaktari waligundua saratani ya ini. Shakira alikuja kumwona, dada akamuuliza siku ile ya oda ya sare Mungu alimwambia nini katika kimya, na Shakira, ambaye hajui kusema uongo, akamjibu mbele yangu, “Mama Kaliza, mie pale sikukuwa nasikia kitu, sisi wote tulikuwa tunaangalia sura yako tu, miaka yote iko hivyo.” Tangu siku hiyo dada yangu hakuwa mtu tena. Aliniambia kwamba alikuwa bosi bila kujijua, na kwamba amewanyima wenzake chakula kwa jina la Mungu.

Wiki mbili kabla ya kufa aliwaomba Marafiki waje wakae naye kimya, labda mmoja wao asikie kama alikosea. Walikuja, wakakaa, na niliona wote wamemkazia macho usoni, naye pia aliona, akajigeuza kwa taabu akaelekea ukutani ili wasimtazame. Hakuna aliyesema kitu mpaka walipoaga. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Agosti 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa Rwezamenyo mliokesha nasi, Marafiki kwa kuja, na ninyi wanawake saba mliomshonea gauni alilolivaa leo, ingawa alitamani kwa moyo wake wote mmkasirikie.

Jeneza tumeshalifunga, dada, hakuna tena wa kukuangalia usoni. Pumzika.