Kikombe cha Mwalimu Arthur

Benchi la kahawa mbele ya steshenari ya Mama Loveness, Newala mjini, lina miguu mitatu na tofali moja. Wanaolikalia ni wale wale kila asubuhi: Abdulrazaki, anayeitwa Injinia tangu alipotengeneza redio ya jirani ikasema siku mbili, Yoeli, anayepulizia mikorosho ya watu dawa ya salfa, ndiyo maana anaitwa Salfa, na Mwalimu Arthur, mstaafu, asiye na jina la utani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa. Marko huwamiminia kahawa kwa vikombe vyake vinne, basi. Siku hiyo Mama Loveness naye alikaa nao, laptop mapajani, macho mekundu. Programu ya kuandikisha watoto wa kliniki, aliyoiandika mwenyewe kwa miezi saba, ilikuwa inajizima ovyo. Nesi mkuu wa zahanati alikuwa amempa mpaka saa tano. Ikishindikana, zahanati inarudi kwenye kaunta buku, lile daftari nene la zamani.

— Bado inaanguka? aliuliza Mwalimu.

— Bado. Nafungua kadi ya mtoto, linakuja dirisha lake na mchoro wa uzito. Nalifunga, namfungua mwingine. Kidogo tu, programu nzima kwisha, na majina niliyoandika yamekwenda nayo.

— Memori ndogo hiyo, alisema Injinia. Ongeza.

— Niliongeza juzi. Haikusaidia kitu.

— Ni salfa, alisema Salfa. Msimu huu tumepuliza mpaka mimi nikipiga chafya inatoka njano. Mashine imevuta vumbi.

— Ya zahanati nayo inaanguka, na ile imefunikwa kitambaa siku nzima kama mwali.

— Basi ni mtandao! Injinia alisogea mbele. Ukisimama kule ukingoni mwa mlima simu inadaka Msumbiji, si ndiyo? Mashine imechanganyikiwa, haijui iko nchi gani.

— Haitumii mtandao, Injinia.

— Ndiyo maana. Haina wa kumuuliza.

Mwalimu Arthur aliweka kikombe chake kitupu pembeni mwa paja, akainua kidole.

— Nyie mna matatizo. Mashine imezidiwa na majina. Ukoo mmoja una watoto sita, wote Bibiana, kila mmoja karithi jina la bibi. Mimi mwenyewe darasani nilikuwa naumwa kichwa.

— Uliumwa kichwa, Mwalimu. Ulianguka? aliuliza Mama Loveness.

Marko alicheka mpaka birika likatikisika.

— Mama Loveness, alisema Salfa kwa upole, si umpe fundi wa Mtwara tu? Una watoto wanne, una duka. Nani atakulaumu?

Maneno hayo Mama Loveness alikuwa ameyasikia kwa watu watatu tangu Jumatatu, na kila mmoja aliyasema kwa upole huo huo.

— Huyo fundi ndiye aliyeiandika?

— Hapana.

— Basi aendelee na shughuli zake. Niliiandika mimi, mkono mmoja mtoto ananyonya. Haijanishinda. Imenichosha tu, na kuchoka nimezoea.

Hapo akafika mama mmoja kutoka Chiwata, Sophia, aliyekuja kutoa kopi ya kadi ya mwanawe. Akaamkia, akakaa karibu na Mwalimu kusubiri. Marko akachukua kile kikombe kitupu, akakisuuza, akakijaza kahawa ya moto, akampa mgeni. Sophia akakiweka pale pale kipoe.

Mwalimu alikuwa amerudi kwenye akina Bibiana. Bila kuangalia, akanyoosha mkono mahali alipokuwa amekiacha kikombe chake, akapiga funda. Kahawa ikamchoma ulimi. Akaruka, tofali likateleza, benchi likaenda chini na watu wote, Mama Loveness amekumbatia laptop.

Sophia ndiye aliyeinuka wa kwanza, akijipangusa kanga.

— Samahani, mzee. Kikombe kilipochukuliwa, hakuna aliyekuambia si chako tena?

Mwalimu akamtazama Marko. Marko akatazama birika.

Mama Loveness hakuinuka. Aliifungua laptop hapo hapo vumbini. Ule mchoro wa uzito alikuwa ameuwekea saa ya kuuchora upya kila sekunde tano. Dirisha likifungwa, kompyuta ilichukua nafasi yake kwenye memori ikampa mtoto mwingine. Saa haikuambiwa. Iliendelea kunyoosha mkono pale pale, kwenye nafasi isiyo yake tena, na programu ikaanguka. Akaandika mstari mmoja: kabla dirisha halijafungwa, saa isimamishwe kwanza.

Akafungua kadi, akafunga. Kumi. Arobaini. Wanaume walihesabu kwa sauti, wengine bado wamekaa chini. Mia moja, na programu haijaanguka.

— Kwa hiyo siyo salfa? aliuliza Salfa.

Simu ikaita. Nesi mkuu.

— Mama Loveness, saa tano hii. Nitoe kaunta buku?

Mama Loveness alilitazama benchi, na tofali lililopasuka vipande viwili.

— Itoe, uilete huku. Kuna benchi linataka mguu.