Mzee Msengi, Shangazi na Boksi la Mitundu

Mzee Chediel Msengi, dereva wa Umoja wa Wafuga Nyuki wa Miyombo, Itigi, anastaafu leo tarehe 30 Juni 2025, baada ya kututumikia miaka ishirini na mitano na miezi mitatu. Muda wote huo hakugonga mtu wala ng'ombe. Aligonga kuku mmoja tu, akashuka, akamtafuta mwenye kuku na kuomba radhi. Faili lake lina kurasa nyingi za sifa na barua moja ya onyo. Wasifu huu utaeleza sifa, na utaieleza barua hiyo pia, kwa sababu mwandishi hawezi kumuaga Mzee huku ameiruka.

Mzee alizaliwa Kinyangiri mwaka 1965. Kabla ya kushika usukani alikuwa fundi wa gereji Singida mjini, na ufundi huo ndio uliotuokoa mwaka 2004, tulipopewa gari na mradi mmoja uliokuwa ukifunga ofisi. Lilikuwa gari kubwa la dizeli, la kubeba watu tisa na ndoo za asali juu, na lilikuwa zee tangu siku lilipoingia getini. Sisi tulishangilia. Mzee alilizunguka mara mbili, akainama, akalipa jina la Shangazi. Alieleza kwamba shangazi hafukuzwi nyumbani, na kila akija lazima apewe kitu.

Na kweli lilipewa. Anayedhani gari kubwa la zamani ni nafuu kwa sababu limepatikana kwa bei ndogo angekaa na Mzee msimu mmoja. Barabara ya Rungwa ilikuwa ikila bushi na boli jointi kama watoto wanavyokula karanga. Shokapu hazikumaliza masika mawili. Oili sili za kuzuia mafuta zilivuja, nozo za dizeli ziliziba, na asubuhi za baridi ya Juni injini ilitoa moshi mweupe na kukataa kuamka mpaka ibembelezwe. Lilikunywa dizeli kama magari mawili. Matairi yake hayakupatikana Itigi, na yakipatikana mjini, bei yake ilimfanya mhasibu wetu, Marietha, avue miwani. Kila mwaka kwenye bajeti tuliuliza kama tuliuze, na kila mwaka Mzee alijibu vilevile, kwamba gari zee husema kabla ya kufa, na anayelala njiani ni yule asiyelisikiliza.

Kulisikiliza kwake kulikuwa na utaratibu wa pekee. Kila jioni, popote tulipolala, alipasua boksi, akalitandaza chini ya injini. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, alilivuta na kulisoma. Doa jeusi lilikuwa oili ya injini, jekundu gia boksi au usukani, la kijani maji ya rejeta. Kwa mahali lilipodondokea aliweza kutaja hata sili iliyochoka. Pendo, afisa nyuki wetu, aliwahi kumuuliza kama boksi linaonyesha pia mshahara unaingia lini. Mzee alilitazama kwa makini, akajibu kwamba linaonyesha tu unapovujia.

Sasa barua ya onyo.

Machi 2017 tulilala Mitundu, tukielekea Rungwa, ambako wafugaji walikuwa wamekusanya asali ya msimu mzima kumsubiri mnunuzi aliyekuwa na siku hiyo moja tu. Asubuhi Mzee alikwenda kumwamkia mkubwa wa ukoo wao aliyehamia kijijini hapo, kwa maana kupita bila kumsalimu kungekuwa dharau. Mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa tope tupu. Katibu wa Umoja, aliyekuwa na haraka na viatu vipya, alilivuta boksi kutoka chini ya gari, akalitupa kwenye tope na kulikanyaga huku akipakia mizigo. Mzee aliporudi aliuliza boksi liko wapi. Katibu alimjibu kwamba amelitazama, kavu kabisa.

Kwa kawaida boksi likiwa kavu Mzee hakufungua rejeta, kwa sababu mfuniko wake ulikuwa umechoka na ukisumbuliwa ovyo haukushika tena. Mshale wa joto ulikuwa umekufa wiki tatu kabla, na ombi la kununua mwingine lilikuwa mezani kwa Katibu huyohuyo, halijasainiwa. Katikati ya msitu Shangazi alitoa mvuke, akazima. Pampu ya maji ilikuwa imevuja usiku kucha. Gasketi ilikuwa imeungua na silinda hedi imepinda. Trekta ilituvuta kurudi Mitundu. Mnunuzi, ambaye hangenunua bila Umoja kuwapo, alisubiri hadi saa tisa alasiri, akaondoka, na wafugaji wakabeba ndoo zao kurudi nazo nyumbani. Gari lilikaa gereji miezi minne, na matengenezo yalizidi mshahara wa dereva wa mwaka mzima.

Kamati ilikaa. Ilimuuliza Mzee kwa nini hakukagua gari. Alijibu sentensi moja tu: "Gari nimekabidhiwa mimi." Muhtasari uliandikwa, barua ya onyo ikatoka, na jina lake, ambalo mwaka ule lilikuwa limependekezwa kuwa mfanyakazi hodari wa Mei Mosi, likafutwa. Halikurudishwa tena. Mke wake, Mama Emiliana, alikuwa ameshashona kitenge cha siku hiyo.

Aliyeandika muhtasari huo ni Katibu. Katibu ni mimi. Sikulitazama lile boksi. Nilikaa kwenye kiti changu kikaoni, kalamu mkononi, nikaandika kwamba dereva alizembea. Nimejuta miaka minane, na majuto ya kimya hayakumsaidia Mzee hata kidogo.

Nilijifariji kwamba hajui. Wiki iliyopita alimkabidhi Derick, dereva mpya, funguo za Shangazi na boksi jipya. Nilikuwa nimesimama pembeni na fomu ya makabidhiano. Alimwonyesha pa kulitandaza, kisha akamwambia: "Asubuhi lisome mwenyewe, mwanangu. Usisomewe na mtu, hata awe bosi wako." Hakugeuka kunitazama. Alichukua kalamu yangu, akasaini, akanishukuru.

Ijumaa nilipeleka maelezo yangu kwa Bodi kwa maandishi. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili lake na barua yangu ya onyo imewekwa kwenye faili langu. Mei Mosi ya 2017 siwezi kuirudisha.

Mzee Msengi, Umoja unakushukuru kwa safari zote ulizotufikisha salama, na hata kwa ile ambayo hatukufika. Nenda Kinyangiri upumzike, mashamba yakujibu, na mizinga yako ijae. Kwa miaka minane nimekuwa nikikuamkia kila asubuhi huku macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Leo, sherehe ikianza, nitakuja mpaka kwenye kiti chako, mbele ya watu wote na mbele ya Mama Emiliana, nikutazame usoni, ndipo niseme shikamoo. Ukiacha kuitikia, nitaelewa.

Anastazia Mkumbo
Katibu wa Umoja