Jengo la Tatu: Maisha ya Sylvester Mihayo Salu, 1957–2025

Baba Paroko, wazee, majirani, nanyi mliosafiri kutoka Lamadi na Nyalikungu, familia inaomba mtusikilize kidogo.

Sylvester Mihayo Salu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 hapa Mwamapalala, mtoto wa nne wa mzee Mihayo na mama Shida, wakulima wa pamba, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuchambua pamba, safi kulia, fifi yenye uchafu kushoto, kazi ambayo mama yake hakumwamini nayo mtu mwingine.

Alisoma shule ya msingi hapa kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari Shinyanga, akahitimu kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1982, akaajiriwa na serikali kupima mionzi Arusha. Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa na Apolonia, wakajaliwa Masalu, Gloria na Josia, na wajukuu watano.

Mwaka 1999 alichukuliwa na shirika la kimataifa linalokagua nyuklia, akatumwa mara kadhaa katika nchi moja iliyojitenga na wenzake, iliyoshukiwa kutengeneza bomu, na huko alifuta kuta na mashine kwa vitambaa vya pamba, maana vumbi likipimwa husema kilichofanyika, hata wenyeji wakikana. Mama yake alisikitika kwamba mtoto aliyemsomesha hadi Dar alikwenda kufuta vumbi la watu, naye alijibu tu, "Ni kweli, mayu, nafuta vumbi," kwa kuwa alikuwa ameapa kutosema zaidi, na mama alifariki mwaka 2011 akiamini hivyo.

Aprili 2009, walipokuwa wamekagua majengo mawili na la tatu lilikuwa lifunguliwe kesho yake, serikali ya nchi ile iliwaamuru wakaguzi waondoke, wakaondoka.

Alistaafu mwaka 2017, ndipo akaruhusiwa kutaja kazi yake, akajenga Somanda, Bariadi, akalima pamba, na jirani yake Tajudin, mwenye duka, alimtania kwamba bomu limemshinda, basi angalau amalize funza wa pamba, naye akacheka, lakini kila redio iliposema mazungumzo na nchi ile yamevunjika, aliizima na kuendelea kula, na pasipoti yake aliihuisha hadi mwaka jana, akisema wakaguzi wakirudi watahitaji mtu anayelijua lile jengo.

Januari 2025 alianza kuugua figo, akatibiwa Bariadi na Mwanza. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Novemba, alimwambia mkewe, "La tatu hatukulifuta," Apolonia akachukua pamba ya hospitali, akafuta meza iliyo kando ya kitanda, akampa, naye akaitazama kwa muda mrefu, akaiweka kushoto, upande wa fifi. Alifariki saa nne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Somanda, ndugu Tajudin aliyefunga duka siku tatu, na wenzake wa kazini waliotuma salamu kutoka mbali.

Pumzika kwa amani, baba Masalu, jengo lililobaki si zamu yako tena.