Mama Vifungo na Kiti cha Mlango wa Nyuma

Ndugu, majirani na marafiki, nawaomba tutulie kidogo kabla hatujamsindikiza. Huyu tuliyemleta hapa ninyi mlimwita Mama Vifungo. Wanawe walimwita mama, wangu walimwita mama mkubwa, na mimi mdogo wake sikuwahi kumwita kitu kingine ila dada. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Nitasoma polepole, na nikikwama mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1960, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yetu alikuwa mlinzi wa ghala, na mama alifua mashuka ya hospitali. Baada ya dada, wazazi walizika watoto wawili wachanga, ndipo nikaja mimi, nikiwa nyuma yake miaka minane. Mama aliporudi kazini, dada ndiye aliyenilea. Alinibeba mgongoni hata nilipokwisha kujua kukimbia. Watu wakimwambia, "Mshushe huyo, ana miguu," anawajibu, "Najua anayo. Namtunzia."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Hesabu zilimsumbua, lakini mkono wake wa sindano ulijulikana mapema. Siku moja mwalimu wa darasa la tano alikuwa anatembea kati ya madawati akisoma kwa sauti, kifungo cha shati kinaning'inia. Alipofika kwa dada, dada alishatunga uzi. Akamwambia, "Mwalimu, simama hapo hapo, ukisogea utachomwa." Mwalimu akasimama, akaendelea kusoma, dada akashona kifungo shati likiwa mwilini. Jina la Vifungo lilianza siku hiyo. Tangu hapo mfuko wake haukukosa vifungo, na nadhani wengi mliopo hapa mmevaa kimoja chake.

Mwezi Februari 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo ng'ambo ya reli, kitengo cha kola. Humo ndimo alimoanza kuvuta sigara, na naomba niseme ilivyokuwa, kwa sababu kuna mengi yamesemwa. Dada hakuwa mhuni. Pale kiwandani msimamizi aliwaruhusu wavutaji watoke nje kidogo, ili wasije wakachoma pamba. Asiyevuta hakuwa na sababu ya kutoka, basi alishona mpaka kengele. Migongo iliwauma wote sawasawa. Dada akaomba sigara kwa mwenzake, akatoka nayo, akakaa juu ya kreti. Aliniambia mwenyewe, "Mdogo wangu, mimi sikupenda sigara. Nilipenda kukaa." Lakini sigara haikujali alichopenda. Ilimshika.

Tarehe 20 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi bomba, mtu mpole, ambaye hakuwahi kugusa sigara wala hakuwahi kumsimanga nayo. Mungu aliwapa mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1997, dada alitoa cherehani barazani akawa anashona sare za shule. Hakuna mzazi aliyewahi kulalamika kwamba sare inanuka moshi. Alikuwa anavuta, anakwenda bombani, ananawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo anagusa kitambaa.

Sasa niwaeleze habari ya kiti.

Mwaka 1990 mama yetu alishikwa na pumu. Akalala wiki nzima ameinuliwa kwa mito, pumzi inapiga filimbi. Dada alipomwona hivyo, alipiga magoti kando ya kitanda akasema, "Mama, moshi wangu hautapita mlango wa nyumba. Si wako, si wangu, si wa mtu." Mama akamwambia, "Sijakuomba hilo. Nimekuomba uache." Dada akasema, "Hilo ndilo ninaloliweza." Akaweka kiti cha mbao nje ya mlango wa nyuma wa nyumba yake, na akija kwa mama anakaa kwenye kiti cha mlango wa nyuma wa mama. Kwa kuwa alivuta muda wote, na kwa kuwa alisema moshi haumo kwenye sigara peke yake bali na kwenye nguo, basi dada akawa mtu wa nje. Aliingia kulala na kuoga. Kupika alipikia upenuni. Shemeji yetu fundi bomba alibeba sahani yake akaja kukaa kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje, wakala hivyo mpaka Mungu alipomchukua tarehe 3 Juni 2011. Mvua ikinyesha alikula ameshika mwavuli, na alikuwa anasema ameoa askari wa zamu.

Baada ya msiba huo dada alirudi nyumbani kwa wazazi, ambako mimi na mume wangu, ambaye ni mwashi, tulikuwa tunaishi na mama. Kila jioni sisi tunasali sebuleni. Dada alisali nasi kupitia dirishani. Tulifungua dirisha la nyuma, sisi tukiwa ndani na yeye kitini kwake, na kila mwombaji aliponyamaza tulisikia kutoka gizani, "Amina." Mama alipotutoka mwaka 2016, nilidhani ile ahadi imekwisha. Nikamwita, "Dada, ingia ndani." Akasema, "Namaliza hiki, naja." Alikuwa na maana ya kipande cha sigara. Nilimwita vile miaka yote, na jibu lilikuwa lile lile, na kipande kimoja hakikuisha ila kikawashwa kingine.

Kikohozi kilianza kumtesa mwaka 2017. Mwezi Februari 2019 daktari wa mapafu alimwambia ana ugonjwa sugu, njia za hewa zimeharibika, kwa moshi na huenda na mavumbi ya pamba ya kiwandani, na kwamba zilizoharibika hazirudi ila zilizobaki zinaweza kulindwa. Alipewa pampu ya dawa ya kuvuta mdomoni. Akaambiwa aache sigara. Ndugu zangu, alijaribu. Alitafuna ubani mpaka taya likamuuma. Mchungaji alikuja akamwekea mikono. Akakaa siku kadhaa bila kuvuta, amekuwa mkali kama pilipili, anagombana na cherehani, halafu asubuhi nasikia kiberiti nyuma ya nyumba na baada yake kile kikohozi. Nilikuwa naosha vyombo huku nalia. Naye alijua kuwa nalia, kwa sababu alikuwa anaimba kwa sauti ili tusisikilizane.

Mwezi Julai 2021 mwanawe wa kiume, anayetengeneza simu, alimletea sigara ya umeme. Ni kijiti kama kalamu nene, kina maji yenye nikotini ndani yake, ukivuta kinatoa mvuke wenye harufu ya stroberi. Mwanawe wa kike, ambaye ni nesi, hakufurahi. Walibishana mbele yetu.

"Unamwondoa motoni unampeleka kwenye mvuke."

Kaka yake akamjibu, "Dada, yeye motoni yumo sasa hivi. Wewe una njia gani?"

Nesi akakaa chini. Basi wote watatu wakaenda kwa daktari. Daktari alisema hivi, na nesi aliandika ili tusije tukageuza maneno: hii si dawa, na kwa mapafu kama haya kilicho bora ni hewa tupu. Ila kama ameshindwa njia nyingine zote, afadhali mvuke kuliko moshi, kwa sharti aache sigara kabisa asichanganye, aendelee na pampu yake na kliniki yake, apunguze nguvu ya yale maji kidogo kidogo, na mwisho nayo aiache.

Sigara ya mwisho aliivuta tarehe 14 Agosti 2021. Kesho yake, siku ya Jumapili, alinijia jikoni ameshika kile kijiti kama mtoto aliyeokota kitu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, huu ni moshi au si moshi?" Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa anauliza habari ya ahadi aliyompa mama. Mimi elimu yangu ni ya msingi, nikampigia mchungaji. Mchungaji akaniomba nimpe dada simu, akamwambia, "Kwa mama yako nadhani umeruhusiwa. Kwa mapafu yako usiniulize mimi."

Jioni ile tulifungua dirisha kama kawaida. Mume wangu alikuwa amefumba macho, anaombea wagonjwa. Mara akanyamaza katikati. Akasema, "Nani kafungua jamu?" Tukafumbua macho. Dada alikuwa ameketi kwenye kochi la mama, ndani, mikono magotini. Akasema, "Ni mimi, shemeji. Endelea, usiwaache wagonjwa njiani." Tulicheka mpaka sala ikabidi ianze upya. Aliposema Amina ikatokea ndani ya chumba, karibu na sikio langu, sikuweza kufumbua macho. Nilikuwa sijakaa na dada yangu kwenye chumba kimoja kwa utulivu tangu nikiwa msichana.

Nesi alimkataza kuvutia mbele ya watoto, naye akatii. Kijiti alikivutia nje kwenye kile kiti, anatoka mara moja na kurudi. Wajukuu walikiita filimbi ya bibi. Mara moja tu nilimkuta kitini ameshika sigara ambayo haijawashwa, anainusa. Nilishtuka. Akasema, "Usiogope, naisalimia tu." Akaivunja.

Miaka ile mitatu na nusu ndiyo niliyompata dada. Alikula mezani. Aligundua kwamba saa ya ukutani inachelewa, jambo ambalo sisi wa ndani hatukuliona. Na kwa kuwa harufu ya moshi iliondoka, na sisi tukazoea kwamba ugonjwa nao umeondoka. Haukuondoka. Alikohoa kidogo zaidi ya mtu mzima wa kawaida, alipumzika katikati ya ngazi za kanisa akisingizia kutazama watu, na kila mwaka alipumzika ngazi moja chini ya ile ya mwaka jana.

Yale maji aliyapunguza nguvu mpaka ya chini kabisa. Mwezi Januari mwaka huu, mjukuu wake wa mwisho alipozaliwa, alipanga siku ya kuiacha hiyo filimbi. Ubatizo ni tarehe 6 Aprili. Alisema, "Nataka nimbebe mtoto mbele ya kanisa sina kitu mfukoni ila vifungo."

Hakufika, ndugu zangu. Sitapamba maneno mbele ya jeneza. Tarehe 4 Machi alipata homa ya kifua, ikashuka kwenye mapafu ambayo hayakuwa na nafasi ya kuipokea. Alilazwa siku hiyo hiyo. Wapo waliosema kile kijiti ndicho kimemuua, na wapo waliosema kama si hicho angekwenda mapema zaidi. Daktari tulimuuliza. Alisema mapafu haya yaliumia zamani sana, na mvuke haukuyasaidia kupona, lakini kuacha moshi kulimpa muda. Kiasi gani hakujua. Mimi najua ulitumika wapi. Ulitumika sebuleni.

Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, mchana, nilikuwa naye wodini, ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Alikuwa na barakoa ya oksijeni. Nilimwombea kwa sauti ndogo, kwa sababu kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala mtu. Kila niliponyamaza alisogeza barakoa kidogo na kusema, "Amina." Nesi wa zamu akamwambia, "Mama, iache hapo, Mungu anasikia hata ukisemea ndani." Dada akamwambia, "Mimi nimezoea kusemea nje." Nesi akacheka, akairudisha barakoa mahali pake. Niliendelea kuomba. Niliponyamaza tena, dada hakuisogeza.

Ameacha mtoto wa kiume, fundi simu, na mke wake. Mtoto wa kike, nesi, na mume wake. Wajukuu wanne, wa mwisho akiwa bado hajabatizwa. Shemeji yake mwashi. Watoto wangu watatu aliowashonea kila sare waliyovaa. Na mimi, mdogo wake, niliyebebwa naye nikiwa na miguu.

Filimbi yake tuliikuta kwenye mfuko wa aproni, pamoja na vifungo. Vifungo tumewagawia wajukuu.

Jana jioni tulikusanyika kusali, na mtu mmoja kwa mazoea akafungua dirisha la nyuma. Tulisali, na baada ya sala sote tukakaa kimya tukisubiri, mpaka tukakumbuka. Ndipo mwanawe wa kiume akainuka, akatoka nje, akakichukua kile kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati lake, akakiweka karibu na kochi la mama. Hakuna aliyekikalia.

Dada, ulisema unamaliza hiki unakuja. Umemaliza. Mlango uko wazi, na mama yuko hapo.

Apumzike kwa amani, ndani.